Sauti Yako Kwenye Ramani ya Kericho

Baba,

Nimeifuta sauti yako. Afadhali nikwambie mwenyewe.

Unaikumbuka ile tovuti ya historia ya mji wa Kericho, niliyokuwa nikiitengeneza pale chuoni ninapofundisha kompyuta? Ulinicheka: "Hiyo televisheni yako haina hata mpira!" Lakini nilipokuwekea maikrofoni, wewe uliyeendesha lori la majani chai maisha yako yote, uliongea mpaka chai ikapoa. Mtu akibonyeza mlango wowote kwenye ramani, alikusikia ukisema nani alifungua duka hilo, nani alilewa hapo akasahau baiskeli, mvua gani iliezua paa la soko. Na kikohozi chako katikati. Nilikataa kukiondoa.

Ulipofariki nikamleta Mama akusikie. Ee Mungu, nilidhani namfariji! Ulipoanza tu kuongea alisimama, akakuitikia. Kisha akaniangalia, akajifunga leso yake, akataka turudi nyumbani Litein.

Halafu kaka Kiprono akapata mtoto. Unawajua kina mama wetu: kanisani wako mstari wa mbele, lakini mtoto akizaliwa lazima majina ya marehemu yaitwe, na jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Wakakuita. Wakakuita tena. Mtoto akawatazama tu. Wakamtaja ndugu yako, yule aliyekuwa akikuibia asali, na chafya ikatoka hapo hapo. Mama alilia kuliko siku ya mazishi.

"Baba yenu atakujaje?" akaniuliza. "Umemfungia kwa mashine, kila mtu anamwongelesha. Mwache apumzike."

Nilibishana naye, Baba. Nilimwambia ni sauti tu. Nikasema nitaiondoa kwenye mtandao, nibaki na nakala kwenye diski. Akasema, "Utaificha wapi baba yako asiione?"

Sasa mke wa Kiprono yuko hospitali ya Kapkatet, uchungu wa mtoto wa pili umemshika tangu asubuhi. Mama alinipigia simu ya chuo, yeye asiyependa simu, akasema neno moja tu: "Tafadhali." Nikafuta. Mlango mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nilikusikiliza kwanza. Diski pia nimeivunja. Nilijaribu kuandika maneno yako mahali pake, lakini yamekaa kama notisi ya chifu. Mji umebaki picha tu. Ukibonyeza, kimya.

Mimi siamini hayo mambo ya chafya. Na hilo ndilo linaloniua. Mama amepata tumaini, na mimi sina sauti wala tumaini. Nimeanza hata kusahau ulivyokuwa ukisema jina langu, kwa sababu hilo hukulisema kwenye maikrofoni.

Kwaheri, Baba yangu. Naahidi sitakuita tena huku. Lakini leo wakikuita kule Kapkatet, hata kama mimi siamini, nakuomba uitike.

Binti yako,
Chebet