Hakuna Aliyeukubali Ukuta Ule

Ijumaa. Ruiru imeshikwa na baridi tangu asubuhi, mawingu hayanyeshi wala hayaondoki. Inanifaa. Leo sitaki jua la mtu.

Nina hasira, na anayestahili sehemu kubwa ya hasira hiyo ni mimi.

Miezi michache iliyopita kampuni yetu ya utafiti, yenye ofisi hapa mtaani Membley, ilinituma kwenye kisiwa kimoja cha pwani ambako bahari inakula ufuo. Nilitakiwa kuwauliza wenyeji kama wanataka kujengewa ukuta wa kuzuia maji. Kikundi cha akina mama, kinachoongozwa na Bi Rukia, kilikuwa na mpango wake tayari: kupanda upya mikoko iliyokatwa, na kukilinda kisima cha mwisho chenye maji matamu. Niliandika yote hayo. Kisha nikawaeleza kuhusu ukuta. Wakasikiliza, wakanipakulia wali na samaki, wakanicheka nilivyokuwa nikihangaika na miiba. Hakuna aliyepinga.

Nikaandika: jamii imekubali kwa kauli moja.

Kwetu Thika mtu asipotaka kitu anasimama mkutanoni na kukwambia, tena kwa sauti. Nilidhani watu wote hukataa hivyo.

Leo asubuhi Bi Rukia amenitumia ujumbe wa sauti. "Mwanangu Njeri, wamekuja watu hapa na vigingi. Kimoja wamekipigilia pale pale kisimani. Wasema sisi tumekubali. Tumekubali lini? Mgeni hatumkatalii mbele ya sahani. Asubuhi yake nilimtuma binti yangu aje akwambie, akakuta ushapanda boti."

Nimeusikiliza mara nne.

Nikaenda kwa bosi. Akacheka. "Haki Njeri, walikula, wakacheka, wakanyamaza. Hiyo ni hapana ya wapi? Wewe ni mtafiti ama ni wakili wao?" Akaniambia wafadhili wamependa sana maneno yangu, hata wameandika kwenye jalada la kijitabu chao: mradi unaoongozwa na jamii. Ripoti ya mwisho inaenda Jumatatu. Ikishaenda, ukuta unaanza.

Namchukia. Namchukia anavyolitamka neno "jamii", kama jina la mbwa anayemwita aje akae miguuni pake.

Lakini si yeye aliyeondoka mapema. Nilikuwa na siku mbili zaidi kule. Niliondoka kwa sababu ya joto na mbu, na kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu nililolitaka. Miaka yote hiyo ya chuo, na nikashindwa kungoja asubuhi moja.

Hata wao nimewakasirikia. Mngeniambia tu! Nimetembea na hasira hiyo hadi saa za chakula cha mchana, mpaka nikajiuliza kwa nini wao ndio wajifunze adabu yangu, na kisiwa ni chao.

Saa kumi nimewaandikia bosi na wafadhili barua pepe moja. Nimesema kwamba niliyoyaandika kuhusu kauli moja si kweli, na ni mimi niliyeyaandika. Akina mama wameukataa ukuta. Wana mpango wao, nimeuambatisha.

Nimeituma bila kuisoma tena, kwa sababu najijua.

Simu inaita. Ni bosi, mara ya tatu sasa. Aendelee.

Nampigia Bi Rukia kwanza. Na safari hii sifungui mdomo mpaka amalize.