Vikash kafuta majina ya Josefa

“Umemuua kaka yangu mara ya pili, mshenzi wewe!” Mere, huyo ni Sakiusa, uani kwa jirani yake Vikash, panga mkononi. Nusu ya mji wa Suva imesikia!

Unaikumbuka programu ya king’ora cha kimbunga aliyoandika marehemu Josefa, kaka yake? Maandishi yake yalienda na mafuriko. Lilibaki faili moja tu, vipande vya programu vimefungwa pamoja. Sasa Vikash, ili lipungue ukubwa, kalipitishia amri ya strip, akamrudishia Sakiusa! Majina yote ya ndani, Josefa aliyoyapa vile vipande, yamefutika, vipande haviungiki tena. Na vimbunga ndio hivyo vinakuja.

Vikash akaanza, “Ndugu yangu, lile la kwanza…” Ngumi ya mdomo!

“Sikiliza, lile la kwanza…” Ngumi tena! Jino likaruka kwenye mihogo, nimeliona kwa macho yangu.

Nikajitia katikati, nikala kiwiko cha jicho. Hapa nakuandikia kwa jicho moja.

Sakiusa akainua panga. Mere, aliinua panga!

Vikash akapiga yowe, damu inamtoka: “Lile la kwanza ninalo, mjinga! Nilifuta kwenye nakala!”

Panga likabaki juu.

Vikash akaleta kompyuta, akalipigia lile la kwanza amri ya nm, ile ya kuorodhesha majina. Majina yakashuka yote, kama Josefa alivyoyaandika. Moja ni la mama yao. Sakiusa akaliachia panga, akakaa kwenye tope, analia kwa kwikwi.

Mama yake Vikash akatoka na mwiko. “We Sakiusa! Nawa hiyo damu ya mwanangu, uingie ule. Roti zinapoa.”