Kwangu Inafanya Kazi

Jumatatu, 3 Juni
Kwangu inafanya kazi. Kwenye seva, kompyuta kuu inayohudumia hospitali, inakufa. Siku nzima hivyo. Alhamisi lazima mfumo wangu wa miadi ya wagonjwa uonyeshwe hospitalini, na muda wangu wa majaribio kazini unaisha siku hiyohiyo. Kufuli — msimamizi wa seva, tunamwita hivyo kwa sababu hamfungulii mtu — alisimama nyuma ya kiti changu. Kwako inakimbia? akauliza. Basi wagonjwa tuwalete mezani kwako, bibie. Watu wakacheka. Alisema kweli, ndiyo maana iliniuma.

Jumanne, 4 Juni
Nusu ya kosa nimeipata. Nilipokubali sasisho la programu ninayoandikia, lilikuja na Java mpya, lugha ya kompyuta ninayotumia. Seva ina ile ya zamani, haielewi kinachotoka kwangu. Nikaiagiza kompyuta yangu itoe toleo la zamani. Kazi yangu ikawaka kwenye seva — kisha ikafa mahali pengine! Sasa ni faili saidizi la kusoma tarehe na namba. Langu jipya, la seva kuukuu, na seva inashika lake kwanza. Nikamwomba Kufuli abadilishe. Akakataa. Mfumo wa dawa za wodini unaishi humohumo, unategemea faili hilohilo kuukuu. Mpangaji mpya habomoi ukuta wa jirani, akasema.
Mkuu wa kitengo akapita: Alhamisi ipo? Nikajibu ipo. Mdomo huu.

Jumatano, 5 Juni
Kufuli kampeleka mkewe kliniki. Kaniachia nywila yake nisome taarifa za makosa. Kusoma tu, mwanangu.
Maji yalikuwa shingoni. Nimeweka faili langu mahali pa lile kuukuu, nikaiwasha seva upya. Imekubali. Nitamwambia kesho.

Alhamisi, 6 Juni
Makofi. Mkuu: huyu binti ni wetu. Kufuli alinipa mkono, akaushikilia kidogo. Sikumwambia.
Jioni dada yangu kaja nyumbani moja kwa moja kutoka wodini, hospitali hiyohiyo, bado na sare ya uuguzi. Kompyuta imewatia wazimu, akasema. Nukta za desimali zimepotea: 0.5, yaani nusu kidonge, inasomeka vidonge vitano. Mtoto mmoja nusura ameze. Ningepepesa jicho tu, mdogo wangu, asingekuwepo. Sasa wanaandika dozi kwa mkono. Nikauliza ilianza lini. Jana mchana, akasema, kisha akaniuliza mbona nimeacha kula.
Nimempigia Kufuli. Hapokei. Nimepiga tena. Hapokei.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwambia Kufuli kabla hajavua koti. Hakufoka — afadhali angefoka. Alirudisha faili kuukuu, akapiga simu wodini: hebu jaribuni. Nukta zimerudi. Kazi yangu imekufa tena, hakuna anayejua bado. Kisha akasema jina lililoko kwenye kumbukumbu za seva ni lake, na nywila aliitoa yeye. Wewe una safari ndefu. Kaa.
Nimekaa. Yuko ndani na mkuu na mtu wa hospitali. Ukuta ni wa kioo, sauti haitoki. Naandika huku nawatazama. Mkuu kanitazama, kanionyesha dole gumba — bado anadhani nina furaha ya jana. Kufuli haangalii huku. Anaeleza jambo polepole, mtu wa hospitali anatikisa kichwa.
Kufuli anavua kitambulisho cha kazi shingoni. Anakiweka mezani.
Nimesimama. Bado naandika.