Konokono na Posa Yangu ya Ruangwa

Nachingwea,
jikoni kwa Bwana Nati.

Kaka yangu Ramadhani,

Naanza kwa kukujulia hali, wewe na mama na wote mlio nyumbani Tabora. Miguu ya mama inaendeleaje? Bado anaamka nayo imevimba, au ile dawa ya shangazi imemsaidia? Na mizinga yako ya kule porini, nyuki wamerudi? Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio sijui nikuandikie nini juu yake.

Barua yako ya kuuliza mama afunge safari lini kuja harusini ilinifikia. Nimekaa nayo mfukoni mwa koti miezi mitatu mpaka karatasi imechakaa kwenye mikunjo. Usidhani ni dharau, kaka. Kila niliposhika kalamu niliona afadhali kesho. Jibu ni kwamba harusi haipo. Mzee Issa wa Ruangwa ameivunja posa, na siwezi kusema kwamba amenionea. Nitakueleza mambo yalivyokwenda, kisha wewe utapima umsomee mama mpaka wapi.

Unajua kwamba nampikia fundi mkuu wa matrekta ya shamba la karanga. Watu wa karakana humwita Bwana Nati, kwa sababu mifukoni mwake hazikosekani nati. Yeye ni Mwingereza, lakini mkewe ni Mfaransa, walikutana huko kwao wakati wa vita. Kiingereza cha memsabu ni cha kuungaunga na Kiswahili chake ni cha jikoni tu. Katika kambi nzima hana mtu wa kuzungumza naye akashiba mazungumzo.

Kabla ya mvua kuanza, memsabu alijifungua mtoto wa kike. Mtoto akaishi siku mbili. Waliporudi kutoka hospitali, mama yule alikaa kwenye kiti cha barazani, akakataa chakula. Nilimpikia supu ya kuku, ikarudi. Nikamwokea mkate, ukarudi. Nikampikia uji mwepesi wa mtama, ule mama anaowapa wanawake waliojifungua, nao ukarudi umepoa na kuganda juu. Mikono yake ikawa kama vijiti. Siku moja bwana akanifuata jikoni, akasimama huku akigeuzageuza nati mkononi. Akasema, "Shabani, chochote atakachotaka, mpe. Usiniulize. Chochote."

Lakini alikuwa hataki kitu.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga usiku kucha. Asubuhi nikakuta konokono wamejaa kwenye ngazi za baraza. Wa huku ni wakubwa, mmoja anajaza kiganja. Nikachukua ufagio niwafagie. Mara nikasikia sauti nyuma yangu, "Shabani, hapana tupa!" Memsabu alikuwa ametoka miguu mitupu, na nguo ya kulalia. Akapiga magoti kwenye maji, akamwokota konokono mmoja, akamwinua juu kumtazama. Akacheka. Kaka, tangu mtoto azikwe sikuwa nimemsikia hata akikohoa kwa sauti.

"Hii kula," akaniambia. "Nyumbani kwangu, hii kula. Chakula ya sikukuu."

Nikadhani huzuni imempanda kichwani. Nikaenda mbio karakana kumwambia bwana. Akafuta mikono yenye grisi, kisha akasema, "Ni kweli. Wafaransa wanakula." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza kwinini. "Nimekwambia chochote," akasema, akarudi chini ya trekta.

Mimi nikajipa fatwa yangu mwenyewe. Nikasema, kupika si kula. Wapishi Waislamu wangapi wanawakaangia Wazungu nguruwe, wananawa, wanakwenda kuswali? Konokono ana lipi la kumzidi nguruwe?

Memsabu akanifundisha mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni. Konokono hawapikwi siku ileile. Tuliwatia katika sanduku la mbao lenye wavu juu, tukawapa unga wa mahindi siku sita ili matumbo yao yasafike. Kisha nikawasugua kwa chumvi na siki mpaka ute ukakatika, maji baada ya maji. Nikawachemsha, nikawachomoa kwa sindano ya kushonea magunia, nikatupa matumbo, nikazikata nyama na kuzitokosa polepole na vitunguu na majani ya kiungo. Magamba nikayachemsha peke yake mpaka yakang'aa. Mwishoni unazirudisha nyama ndani ya magamba, unaziba mdomo kwa siagi iliyopondwa na kitunguu saumu na kotimiri, unatia katika tanuri mpaka siagi inatokota. Kwao hutumia jani jingine, lakini kotimiri ya dukani kwa Mhindi aliikubali.

Nilipomwekea sahani mezani, alifumba macho kwanza, akavuta ule mvuke. Kisha akala. Hakula kama mgonjwa. Alichokoa kila gamba, akalipindua siagi imwagike kwenye mkate, akalamba vidole, siagi ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Bwana alikuwa ameondoka mezani na kopo lake la samaki, akala barazani akiwa ametugeuzia mgongo. Lakini nilimwona akigeuka mara mbili kumtazama mkewe, na macho yake yalikuwa mekundu.

Tangu siku ile ikawa desturi, kila juma mara moja. Alfajiri nilikwenda na ndoo pembezoni mwa shamba, pale matingatinga yalipoacha msitu, nikaokota. Memsabu akaanza kupata damu usoni. Akawa ananieleza habari za kwao kwa maneno yake machache na mikono. Nilielewa kwamba kijijini kwao ni mashamba ya zabibu tu, na mvua ikinyesha wazee na watoto hutoka na ndoo kama mimi. Bibi yake ndiye aliyekuwa mpishi. Sahani ile huwekwa katikati, na hakuna mtu aliyewahi kuila peke yake.

Watu walianza kunicheka. Aliyenicheka zaidi ni Hamisi, dobi wetu. Huyu Hamisi ni mdogo wa mama yake Esha, yule mchumba wangu, na ndiye aliyekuwa mshenga wangu Ruangwa. Alinitania mbele ya watu, "Mpishi wa konokono, habari za mifugo yako?" Lakini tukiwa wawili aliniambia, "Shabani, pika tu. Mradi huli. Shemeji yangu Issa ni mtu wa dini, na sisi Wamwera mdudu yule hatumgusi."

"Nile nini, Hamisi? Nina wazimu?" nikamjibu. Na nilisema kweli kabisa.

Basi siku moja mwishoni mwa mvua bwana alikwenda Lindi kuchukua vyuma vya trekta. Nilipomletea memsabu sahani yake, hakuigusa. Nikauliza kama chumvi imezidi. Akatikisa kichwa. Akasema leo mtoto wake angetimiza miezi mitano. Alihesabu kwa vidole, akanionyesha mkono mzima.

Kisha akasema, "Shabani, wewe kaa. Wewe kula na mimi. Mimi peke yangu hapana weza."

Nikamwambia haifai, memsabu. Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Nikamwambia bwana atakasirika. Kila neno nililosema lilikuwa la haki, naye alikuwa akiitikia kwa kichwa, hakushindana nami hata kidogo. Machozi tu yalikuwa yakidondoka kwenye sahani. Pale mezani pana viti viwili. Nikavuta cha bwana, nikakaa.

Nilikula watatu, kaka. Nakuandikia wewe tu. Nilitaraji kutapika, nikawa nimeshajiandaa kumeza bila kutafuna. Lakini nyama ilikuwa laini, ina ladha ya uyoga wa masika, ule tuliokuwa tukichuma na mama, na ile siagi na saumu. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Laiti ingekuwa mbaya, ningesema nilijitesa kwa huruma. Memsabu alipoona nimemaliza wa kwanza, akavuta sahani, akala na yeye.

Nilipoinua macho, Hamisi alikuwa dirishani na nguo zilizopigwa pasi mikononi.

Hakunisuta. Aliweka nguo kwenye ngazi, akaondoka. Jioni kambi yote ilikuwa inajua, na bwana aliporudi siku ya pili alisikia karakana kabla hajafika nyumbani. Aliniita barazani. Hakupandisha sauti.

"Kumpikia nilikuruhusu," akasema. "Kula, shauri yako. Lakini kukaa kwenye kiti changu, na mke wangu, watu wakitazama? Kesho usije."

Ndani nikamsikia memsabu akisema naye, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa lugha yake, haraka haraka, mpaka sauti ikakatika. Alikuja mlangoni pa jikoni nilipokuwa nikikunja aproni. Akafungua mdomo, Kiswahili kikamkimbia. Akabaki ameshika mlango.

Nilipata lori la Mhindi lililokuwa likienda Ruangwa, nikaenda kwa Mzee Issa nikitumaini kulitangulia neno. Lilikuwa limenitangulia. Hata hivyo mzee alinikaribisha mkekani, nikaletewa maji katika kata. Nyuma ya mlango nilisikia bangili za Esha, na mama yake akimwambia atulie.

Mzee Issa akasema, "Mwanangu, nimeletewa maneno. Wanasema umekula konokono. Mimi nimewaambia sisadiki. Mpishi huonekana karibu na sahani, na mwenye macho mabaya huona analotaka. Sasa sema mwenyewe. Sema hapana, na mimi neno hili nitalizika hapahapa, na Hamisi nitamnyamazisha."

Ungeona alivyonitazama, kaka. Alikuwa ananiomba. Mzee mzima alikuwa amenifungulia mlango na kuushikilia ili nipite. Hapana ni neno dogo, na nilikuwa nalo ulimini. Lakini moyoni nikamwona memsabu na sahani yake, nikaona nikisema hapana nitakuwa nimeinuka pale kitini na kumwacha. Nilijaribu kulisema mara mbili. Nikasema, "Nilikula, baba."

Mzee akainamisha kichwa. "Kwa nini usingeniambia hapana?" akauliza, kwa upole kabisa.

"Sijui, baba."

"Na mimi sijui nifanye nini nawe," akasema. "Ungekuwa umelazimishwa, ningekutetea. Ungekuwa na njaa, ningekutetea. Nitawaambia nini watu msikitini?"

Hakunifukuza. Tulikaa tu mpaka ikabidi niage. Ile kata niliyonywea ilibaki mkekani, na watoto walikuwa wakiipitia kwa mbali wasiiguse.

Esha alinikuta njiani, amejitwisha mtungi mtupu kama anayekwenda kisimani. "Ungesema hapana tu," akaniambia.

"Wewe ungejua kwamba nimesema uongo."

"Ningejua," akasema, "na ningenyamaza mpaka tufe." Akapita. Nasikia ataolewa Nambambo, baada ya ufuta kuvunwa.

Miezi miwili nikang'oa visiki shambani na wenzangu wa kambi. Hakuna aliyenitukana, ila wakati wa kula walinipakulia peke yangu.

Sasa sikia lililotokea mwezi uliopita. Jumapili asubuhi namwona Bwana Nati anakuja kwa miguu kwenye vibanda vyetu, ana ndoo mkononi. Wenzangu wakasimama. Akaniita pembeni. Amekonda, kaka, kola ya shati imempwaya.

"Shabani, mke wangu hali tena," akasema. "Tangu uondoke. Nimejaribu kumpikia mwenyewe." Akatazama ndani ya ndoo kana kwamba kuna kitu. "Nionyeshe wanapokaa."

"Bwana, mvua zimekwisha."

"Nionyeshe."

Tukaenda, mimi na yeye, mpaka pembezoni mwa msitu. Nikamweleza kwamba kiangazi konokono hujifukia ardhini, huziba milango yao kwa utando, husubiri mvua. Hakutaka kusikia. Alipiga magoti akachimba kwa bisibisi yake, chini ya magogo, kwenye mizizi, nami nikachimba kwa jembe. Ardhi ilikuwa kavu kama tofali. Tulipata magamba matupu, meupe kwa jua. Yeye akayatia kwenye ndoo yote. Jua lilipokuwa utosini akakaa chini, akasema bila kunitazama, "Rudi kazini kesho." Sikuwa na nguvu ya kukataa wala ya kufurahi. Nikasema ndiyo, bwana.

Basi nimerudi. Wameamua memsabu apelekwe kwao kwa meli itakayotia nanga Lindi, lakini daktari anasema kwanza apate nguvu za kusafiri. Nguvu atazipata wapi kama hali kitu? Ananiona, ananitambua, anasema "Asante, Shabani," basi. Nimejaribu uyoga mkavu kwa siagi na saumu na kotimiri, nikautia katika yale magamba matupu. Alilishika gamba moja, akanusa, akalirudisha taratibu. Bwana alikuwa amesimama nyuma yangu. Tulitazamana kama watoto waliovunja chungu. Mvua iko mbali miezi mingi.

Nisalimie shemeji, na umwambie mkeka wake ndio ninaoswalia. Nisalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Ukiona vema muulize hukumu yangu bila kunitaja jina, na atakalosema niandikie hata likiwa chungu. Nisalimie shangazi mfinyanzi, na mjomba wa stesheni ikiwa bado anapiga kengele ya treni. Mama mwambie tu kwamba sisi na watu wa Ruangwa hatukuelewana. Asiuze mbuzi kwa ajili ya safari.

Wewe ungekuwa pale mkekani, kaka, ungesema nini? Nijibu.

Sahani ya mchana nimeitoa barazani sasa hivi. Mkate umepungua kidogo pembeni. Sijui ni memsabu aliyekula, au ni ndege. Hakuna aliyekuwepo wa kuniambia.

Ni mimi mdogo wako, niliye mbali,
Shabani bin Juma