Kinda la Kwenye Karakana

Dada yangu mpendwa,

Barua hii ikukute umeketi, umeupumzisha huo mgongo. Mimi mzima, isipokuwa vidole, maana sindano ya masofa haina huruma. Kibonge wetu hajambo? Uliniuliza kama likizo hii nakuja kumchukua moja kwa moja, nami nikachelewa kukujibu. Nisamehe. Jibu lilikuwa linanipiga chenga.

Ngoja kwanza nikupe kisa cha hapa kazini. Juu ya dirisha la karakana, ndege mmoja mdogo, hata kiganja hajai, alijenga kiota kwa nyuzi na mabaki ya sponji tunayotupa. Kikabaki na kinda moja tu, pandikizi la kinda, limemzidi mama ukubwa. Fundi mkuu akasema hilo ni la kekeo, ndege asiyejenga kiota: hutaga kwenye cha mwenziwe akaenda zake, na kinda likianguliwa husukuma nje mayai ya wenyewe. Basi wote wakamshukia mama kekeo. Fundi wetu wa kupaka vanishi akasema ni mzururaji asiye na haya. Nikafoka kwamba hawajui alikuwa na shida gani. Wakacheka, wakaniuliza uwakili wa ndege nimeanza lini. Roho iliniuma, dada. Hawajui kama nina mtoto.

Fundi mkuu, kwa kumhurumia yule mdogo, alipanda ngazi akaliteremsha kinda, akaliweka kwenye sofa bovu huko nje, ili mama wa watu apumzike. Weee! Ndege alipokuta kiota kitupu alihangaika karakana nzima, akipita juu ya vichwa vyetu bila kujali nyundo wala mashine. Aliposikia kinda likilia, alitoka na funza mdomoni, akalipanda mgongoni, akalilisha. Fundi mkuu akapanda ngazi tena kulirudisha, akijitukana kwa kimbelembele chake.

Sasa nikwambie ukweli. Chumba nilishapanga. Kitanda kidogo nimenunua, nikakishonea kichwa cha sponji na kitambaa cha bluu. Na nilikusudia kuja kimyakimya, nimchukue Kibonge ukiwa kazini, kwa kuogopa machozi yako. Ndege yule alipokuwa anahangaika nilikuona wewe, dada, unaingia chumba hiki na kile ukimwita mtoto. Nikalia mbele ya wanaume wazima.

Siji kumchukua. Usidhani simtaki. Namtaka mpaka chakula hakipiti. Lakini ana mama, na mimi ndiye niliyemwachia huyo mama, akampokea bila kuniuliza maswali. Kitanda nitakuja nacho, ni chake. Mengine tutayazungumza wewe na mimi, taratibu, akiwa amelala.

Msalimie sana shemeji, na jirani anayeniulizia kila mara. Mbusu Kibonge, umwambie mama yake mdogo anakuja likizo.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Masofa