Kwa Nkwimba, Aliyefungua Sefu Kabla Haijapoa

Mjukuu wangu Nkwimba,

Marahaba. Naitikia shikamoo ambayo hujanipa. Pamba imepandwa, imevunwa, imeng'olewa, imepandwa tena na tena, kifaranga ulichokiacha kimekuwa bibi wa kuku wengine, na wewe bado uko Kahama unanitumia salamu kwa makondakta wa mabasi. Kwani mimi ni kifurushi? Ng'ombe wa huku wanakwenda mnadani Kahama kwa miguu yao wenyewe, na hawana nauli. Wewe mwenye viatu umeshindwa kurudi. Aibu yako, mke mwenzangu!

Anayeandika ni jirani yangu Mama Shija, aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima kwenye lile darasa la jioni. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mtungi kichwani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Anasema neno "mjinga" haliandikwi kwenye barua. Nimemwambia aliweke, nitalihitaji mbele.

Sabuni imefika. Asante, mwanangu. Siku hizi sabuni ni kama mwali, kila mtu anasikia habari zake na hakuna aliyemwona. Lakini kondakta alipokwisha kunipa sabuni akakuna kichwa, akasema, "Bibi, Nkwimba anauliza. Kuna mtu anamuuzia sefu ya kuweka dukani. Achukue, au asichukue?"

Nikakaa chini. Miaka yote hii hukuuliza habari za magoti yangu, wala za macho yangu, wala kama bado nina jino la kutafunia michembe, vile viazi vyetu vikavu. Umeuliza habari za sefu. Nikamwambia Mama Shija, tafuta karatasi, huyu mtoto hajauliza habari za chuma.

Unakumbuka siku sefu yetu ilipoletwa? Ulikuwa mdogo, umekaa juu yake kwenye mkokoteni, miguu inaning'inia, unawapungia watu mkono kama mke wa mtemi. Baba yako Masanja aliinunua Shinyanga kwa Mzee Karim, yule Mhindi wa duka la vitambaa aliyekuwa anafunga duka ahamie kwa watoto wake. Nilikuwepo. Nilisimama pale nikiwashika maksai wasile mapazia ya watu. Mzee Karim aliigonga ubavuni kwa pete yake, akasema, "Masanja, mimi sitaki lawama. Hii ni ya mwizi. Si ya moto. Ya moto ina kuta mbili, katikati wameshindilia kitu kama chokaa. Hii ni chuma tupu."

Baba yako akacheka. Unajua alivyocheka, kwa mabega. "Mzee, mwizi ndiye mwenye miguu. Moto nitauona ukija."

Kijiji kizima kilitoka kutazama. Wakasema Masanja amerudi kutoka machimboni amenunua jiwe lenye mlango. Wiki ile walicheka, wiki iliyofuata wakaanza kuja mmoja mmoja, na sauti za chini. "Mama Masanja, nina kitu kidogo, nisaidie kukiweka." Shanga za marehemu mama zao, vyeti vya ubatizo, sijui nini. Sikuwakatalia. Mimi niliweka bangili za shaba alizonivisha mama yangu.

Halafu baba yako akarudi machimboni, upande wa Kharumwa, na duara likamfunika. Duara, Mama Shija anauliza ni nini. Ni shimo la dhahabu, mama, lile wanaloingia kwa kamba. Walituletea mwili wake, na pamoja na mwili wakaleta picha moja aliyopigwa na mpiga picha wa kupitapita. Amevaa koti la kuazima, mikono imetokeza kama vijiti vya mtego. Picha hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo. Nyingine haikuwepo, hata ya utoto wake.

Wewe ndiye uliyeweka utaratibu. Kila Jumapili tunanawa mikono, tunafungua, unamweka mapajani, unamweleza habari za wiki. Ulimshitaki mbuzi. Ulinishitaki hata mimi, nikiwa nimekaa hapo hapo nasikia! "Baba, bibi amenichapa bure." Nami namwambia, "Masanja, usimsikilize, alimwaga maziwa." Tunacheka, tunamrudisha ndani. Ulipokua, ukavaa ufunguo shingoni, na sikuwahi kukuomba unipe.

Ukaja mwaka ule wezi walipovamia nyumba za bondeni. Tulikaa nyumba nzima, wajomba na mashangazi, kila mtu na akili yake. Pamba ilikuwa imejaa ndani, tunangoja kuipeleka kwenye mizani ya ushirika. Shauri likapita: izungushieni sefu magunia ya pamba, juu na pembeni, mwizi akiingia aone pamba tu. Tukasifiana kwa ujanja. Hakuna hata mmoja aliyeangalia juu akaona tunakaa chini ya nyasi kavu. Wasukuma sisi, pamba ndani ya nyumba ni kama mtu wa familia. Nani angemwogopa?

Mchana wa kiangazi, upepo umeamka, cheche moja ikatoka jikoni ikakaa juu ya paa. Yaliyobaki unayajua. Watu walitoka wote salama, na kwa hilo namshukuru Mungu hata leo. Pamba haikuwaka kwa fujo kama nyasi. Ilikaa inafuka, nyekundu kwa ndani, imeikumbatia ile sefu tangu mchana hadi jua likielekea kuzama.

Magunia yalipokwisha kugeuka majivu tukaiona imesimama. Nyeusi, lakini imesimama. Watu wakapiga vigelegele! Mwenye shanga zake analia kwa furaha, mwenye cheti chake anasema fungua, fungua. Mimi nilikusikia wewe tu. Nilisema, "Nkwimba, ngoja kidogo, itakuunguza." Ukasema, "Bibi, baba yumo ndani."

Ukalowesha kanga, ukaizungushia mkono, ukaingiza ufunguo.

Na tulimwona. Hili nataka Mama Shija aliandike kwa herufi kubwa kama anazijua. TULIMWONA. Alikuwa amegeuka rangi ya kahawia, kingo zimejikunja, lakini ni yeye, na koti lake la kuazima. Alituangalia. Ndipo upepo ukaingia, na kila kilichokuwa karatasi mle ndani kikawaka mara moja, puu, kama kilikuwa kinangoja kuitwa. Ukatia mkono kumtoa. Kovu hilo unalo hadi leo, najua, kwenye kiganja cha kulia. Shanga zilipasuka kwa joto. Bangili zangu zilitoka nyeusi, nikazisugua kwa majivu na ndimu, zikarudi. Nilizichukia bangili zile kwa kurudi peke yao.

Hata hapo hukunikimbia. Ulinikimbia baadaye, tulipokwenda Shinyanga kununua mabati. Tukapita kwa mdogo wake Mzee Karim, yule aliyebaki. Mtu mwema, akatupa chai, akauliza habari za sefu, tukamweleza. Akasikitika, akasema bila ubaya wowote, "Aa, mama. Mngeiacha ipoe siku mbili, tatu. Karatasi iliyopata joto ndani ya chuma inakosa hewa tu. Ukifungua, unaipa hewa. Mngengoja, pengine mngeikuta."

Nilikuona unaweka kikombe chini. Hukukimaliza. Kabla ya mvua za kwanza ulikuwa Kahama.

Sasa nisikilize, na hapa ndipo Mama Shija aliandike lile neno. Mjinga wewe. Umebeba jambo hili miaka yote kama gunia la mtu mwingine. Nani alijua? Mimi sikujua. Wajomba zako wenye ndevu hawakujua. Wale waliokuwa wanapiga kelele fungua, hakuna aliyejua. Mzee Karim alituambia ya moto na ya mwizi, hakutuambia ya kungoja. Na hata ungeambiwa! Mtu akikwambia baba yako yumo ndani ya nyumba yenye joto, wewe ungekaa nje unangoja nyumba ipoe? Mimi ningekuwa na mjukuu wa namna gani? Ulifungua kwa sababu ulimpenda. Ungesubiri kwa utulivu siku tatu, ningekutazama kwa jicho jingine, nakwambia kweli.

Wenye vyeti walipata vingine kwa padri. Wenye shanga wamekwisha kunisamehe, na asiyenisamehe mimi nimemsamehe. Hakuna mtu hapa anayekutaja kwa ubaya. Aliyejaribu mara moja kisimani alirudi nyumbani na ndoo tupu, usiniulize ilimwagikaje.

Kuhusu sefu ya dukani kwako. Ichukue, lakini usichukue kama baba yako, kwa kucheka. Igonge ubavuni. Ikilia kama kengele, ni chuma tupu, ya mwizi hiyo. Ikijibu kwa sauti nzito, kama ghala lililojaa mtama, huenda ina kitu katikati, lakini usiamini mlio peke yake. Muulize muuzaji, ilitengenezwa kwa moto au kwa mwizi? Akisema kwa vyote, mwambie akuonyeshe palipoandikwa. Akianza kujikuna, nenda zako. Angalia mgongo wake pia, maana mwizi mwenye akili hahangaiki na mlango, anaigeuza. Na kama vijana wawili wanaibeba huku wanapiga soga, wezi nao wataibeba wakipiga soga. Ifungie sakafuni kwa bolti, kwenye zege.

Usiiweke karibu na madebe ya mafuta ya taa, wala usiizungushie magunia ya mchele ukidhani unaificha. Ufunguo toa shingoni, sokoni wote wanauona. Kama funguo zipo mbili, mmoja usilale nyumba moja na sefu. Na Mungu apishe mbali, moto ukipita, usiimwagie maji, usiifungue. Kaa nayo. Siku ya kwanza itakuwa inakuita, isikie tu. Ngoja mpaka uweze kuilalia kwa shavu kama mto, halafu ngoja tena siku moja juu yake. Haya nakupa kwa ajili ya kesho. Usiyachukue ukarudi nayo nyuma kujipigia.

Jambo la mwisho nilikuwa sitaki kulisema. Macho yangu yanakwenda. Kuna ukungu, kwanza ulikuwa wa asubuhi, sasa ni wa siku nzima. Daktari wa misheni anasema ni mtoto wa jicho na kwamba kwa umri wangu tuone. Tuone nini, nimemwuliza, wakati ndiyo shida yenyewe? Mama Shija hapa ni kivuli chenye sauti. Kwa hiyo hata kama ile picha ingekuwa salama mkononi mwangu leo, ingekuwa karatasi laini tu. Nisingemwona mwanangu.

Lakini wewe una paji lake. Lile pana, lenye bonde dogo katikati, alilolipata kwangu. Nyusi zake pia, zinazokutana kama watu wanaogombania njia. Nilikuzoea machoni pangu kila siku nikasahau ninachokitazama. Sasa vidole vyangu bado vinaona vizuri kabisa, jana nimechambua mchele na sikuacha hata jiwe moja. Vinachotaka ni kitu cha kuona, na kitu chenyewe kiko Kahama kinauza chumvi.

Nakuaga hapa, Mama Shija ana maharage jikoni. Uwe mzima, ng'wanawane, mwanangu. Ukija, usisimame uani na hodi yako ndefu kama mtu wa kodi. Ingia moja kwa moja, vua kitambaa kichwani, piga magoti hapa mbele yangu unyamaze mpaka nimalize. Na siku hiyo usipake mafuta usoni, vidole vitateleza.

Bibi yako, aliyemzaa baba yako