Picha ya Mbele

Jumatatu, 2 Juni

Nimepiga pasi vitambaa vya mapambo tangu asubuhi. Krimu, nyekundu ya damu ya mzee, krimu. Umeme ukakatika katikati ya pazia la meza kuu. Nimeliacha kitini, nusu limenyooka, nusu makunyanzi. Simu kimya. Wiki ya pili hii.

Mchana nikaenda Mabatini kwa Elisha, aliyenitengenezea tovuti. Nikamwambia tovuti yake haivuti hata nzi. Hakununa. Akafungua tovuti za wapambaji wenzangu wa hapa Mwanza na kuzipanga pembeni ya yangu. Picha ya ukumbi uleule! Kwa yule mama wa Buzuruga, kwa wale ndugu wawili wa Nyakato, na kwangu. Taa za vioo, zulia jeupe, viti vya kifalme. Sote tumeiokota mtandaoni. Ukumbi wenyewe hauko hata Tanzania. Nikacheka, halafu nikaona aibu.

Elisha akasema mteja akiona picha moja kwa watu watatu, anamchukua wa bei ya chini au haamini yeyote. Weka ulichopamba wewe, na watu ndani yake. Nikampa simu atafute mwenyewe. Akaipata ile ya wawili wanaocheka. Akauliza kama hao ni wateja wangu. Hakunitambua. Siku ile nilipakwa vipodozi hadi mama akaniita jina mara mbili kuhakikisha ni mimi.

Nikasema ndiyo, ni wateja. Akaiweka mbele kabisa.

Jumanne, 3 Juni

Sijalala vizuri. Niandike basi, niitue.

Ile ni sendofu yangu mwenyewe, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi, mwaka jana. Ukumbi niliupamba kwa mikono yangu, watu wakasema bibi harusi gani anapanda ngazi. Mshereheshaji akanipa ua nikamtafute mchumba wangu kati ya wageni, kama wanavyofanya wote. Deus alikuwa amejificha vizuri mno. Nilizunguka ukumbi mara tatu, watu wanacheka, nami nacheka. Nikamkuta nyuma ya kreti za soda. Picha imepigwa hapo. Mdomo wazi, macho yote kwake.

Harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Alhamisi akamtuma kaka yake kwa baba kusema harusi haipo. Sababu hakupewa mtu.

Nimeagwa na ukoo mzima, nikafungiwa kanga, nikaliliwa. Halafu nikabaki. Kitanda kilekile, chumba kilekile.

Bado nampenda. Nimeandika, yamekwisha.

Ijumaa, 6 Juni

Simu haipoi. Wanne tangu jana, na wote wanataka kama picha ya mbele. Hawaulizi bei kwanza. Mmoja kaniambia tovuti nyingine zinaonyesha viti, yangu inaonyesha mtu anayependwa. Nikamshukuru. Nikaenda chooni nikalia kidogo, nikarudi kuhesabu maua ya bandia.

Mwingine akauliza wale maharusi wanaendeleaje. Nikasema wapo.

Kweli, wapo.

Jumapili, 8 Juni

Mama amejua. Baada ya ibada mwanamke mmoja wa jumuiya yake kamwambia, tena mbele za watu, kwamba binti yako bado anamtangaza Deus mtandaoni. Mama hakufoka. Ningependa angefoka. Kapika ugali na sato, katutengea mimi na baba, yeye hakula. Kisha akaniuliza, "Kabula, hapo unauza mapambo au unamsubiri mtu?"

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia picha hiyo ndiyo inayotulisha. Akaondoa vyombo.

Naudhika kwa sababu amelenga palepale.

Jumatano, 11 Juni

Deus kapiga. Mara ya kwanza tangu siku zile. Namba niliifuta, lakini naijua kichwani, na moyo ulishapokea kabla ya kidole.

Akaongea kwa adabu, kama mtu anayeulizia basi. Ana mchumba. Binti kaiona picha, kakasirika. Anaomba niitoe.

"Ile ina sura yangu," akasema.

"Na ukumbi una jasho langu," nikasema, nikakata.

Nilijiona shujaa, dakika moja hivi. Halafu nikakaa sakafuni, na mkaa ukazimika kwenye ile pasi ya siku zisizo na umeme. Nilikuwa nangoja apige tena. Mjinga mimi. Mchumba! Kumbe kuoa anataka, ila si mimi.

Siitoi. Hata kidogo.

Ijumaa, 13 Juni

Amekuja binti wa Buhongwa, Yunis, na shangazi yake. Sendofu yake wiki ijayo, mpambaji wao wa kwanza kawatupa. Shangazi anashikashika vitambaa, Yunis ananitazama mimi tu. Akaangalia simu yake, akaniangalia tena. Huyu ni wewe, akasema. Akataka kujua tunaishi wapi sasa, na kama mume wangu bado hucheka vile.

Nilichoka kusema wapo. Nikawaeleza yote. Sendofu, Alhamisi, kaka mtu.

Shangazi akarudisha kitambaa mezani, taratibu, kama kina upupu. Nikajua anachowaza, nami ningewaza hivyohivyo. Nuksi. Nani atapambiwa sherehe na mkono ambao sherehe yake yenyewe iliharibika? Akachukua mkoba. Nikasimama kuwasindikiza.

Yunis hakuinuka. "Shangazi, mimi nimekuja kumkodi mpambaji. Yule mwanaume sijaja kumkodi."

Nimecheka hadi machozi. Baadaye yakabaki machozi peke yake.

Jumamosi, 21 Juni

Nimerudi kutoka Buhongwa, miguu imevimba. Niandike kabla sijalala.

Asubuhi nilikuwa juu ya ngazi nafunga pazia, ngazi ikatulia ghafla chini yangu. Kutazama, mama. Hakuna aliyemwita. Kashika miguu ya ngazi kwa mikono yote miwili, kitenge kakifunga kiunoni. Nikamwambia shikamoo. Marahaba, akasema, kaza ule upande wa kushoto. Ni hayo tu tuliyosema hadi mchana.

Jioni Yunis akapewa ua. Nikasimama nyuma na simu, nipate picha. Alipoanza kuzunguka, nikaanza kuhesabu meza. Akamaliza meza za wakweze, hayupo. Akapita meza za kamati, hayupo. Watu wanacheka. Mimi nilitaka kupiga kelele taa ziwashwe zote, milango ifungwe, atafutwe.

Akafika katikati ya ukumbi, akasita. Hapo kijana akainuka mwenyewe, kule pembeni, kabla hajafikiwa. Mshereheshaji akamzomea kwamba kaharibu mchezo. Hakujali. Alishindwa kumwangalia akihangaika.

Nilibonyeza. Picha ina ukungu kidogo. Yunis anaonekana mgongo tu. Anayeonekana uso ni yule kijana.

Mimi nilizunguka mara tatu. Deus alikuwa ananiona muda wote.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeenda kwa Elisha, nikamwambia aibadilishe picha ya mbele. Akalalamika. Kwanza hii mpya ina ukungu, halafu ile ya zamani ndiyo inayonitofautisha na wengine, nitapoteza wateja. Nikamwambia yule bibi harusi ni mimi. Akaibadilisha, chai akalipa yeye.

Nimeitoa, sijaifuta. Bado ipo kwenye simu.

Nilikuwa sijavuka hata barabara, ujumbe ukaingia. Namba ileile.

"Asante kwa kuitoa."

Nilisimama mbele ya duka la ndoo nikausoma tena na tena. Zaidi ya Elisha, sikuwa nimemwambia mtu. Basi alikuwa anaifungua. Jana, juzi, labda kila siku. Anamwangalia nani pale, yeye au mimi? Sitauliza. Ningemuuliza, angejibu kwa adabu.

Sikumjibu.

Nyumbani umeme upo. Mama kaloweka vitambaa vya Buhongwa, vya damu ya mzee peke yake visivichujie rangi vya krimu. Tumevikamua wawili, yeye kashika upande huu, mimi ule, tukavianika. Hajauliza kuhusu picha. Simu imelia mara moja tu leo, mtu anaulizia viti.